Plastiki inayotengenezwa na bakteria: maswali mnayoniuliza sana na majibu yake

Nafundisha baiolojia fomu faivu na siksi, naishi Kimara, na tangu niwaonyeshe wanafunzi wangu slaidi ya bakteria waliojaa plastiki tumboni basi maswali hayaishi, yanakuja darasani, yanakuja kwenye simu saa nne usiku, mpaka dada anayeniuzia mchicha Kimara Mwisho naye ana la kwake. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache maana hayana mengi, mengine nimeenda nayo mbali kwa sababu ndo penyewe.

Hivi kweli bakteria anatengeneza plastiki, au ni maneno ya biashara tu?

Anatengeneza kweli, na amekuwa akitengeneza kabla binadamu hajajua hata neno plastiki. Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne, wa Taasisi ya Pasteur, alikuwa anamchunguza bakteria wa udongo anayeitwa Bacillus megaterium, akakuta ndani yake kuna kitu ambacho kemikali yake ni poliesta, yaani mnyororo mrefu wa vipande vinavyofanana vilivyoungwa kimoja baada ya kingine. Leo tunakiita PHB, kirefu chake polihaidroksibutireti, na ukoo wake mzima unaitwa PHA.

Kwa bakteria ile ni akiba ya chakula. Fikiria nundu ya ng'ombe wetu wa kienyeji, malisho yakiwa mengi inajaa, kiangazi kikikaza inapungua. Bakteria akiwa na sukari tele lakini nitrojeni au fosforasi imekata hawezi kujenga protini wala kugawanyika, kwa hiyo ile sukari anaigeuza PHB na kuiweka kwenye vipunje ndani ya seli, ikifika siku ya njaa anaimeng'enya mwenyewe. Kuna mmoja anaitwa Cupriavidus necator, huyo ukimlisha vizuri plastiki inaweza kufika asilimia 80 ya uzito wake mkavu. Yaani amebaki ngozi tu, vingine vyote ni akiba.

Ile slaidi yenyewe tuliipaka rangi ya Sudan Black, ambayo inashika vitu vya mafutamafuta, halafu juu yake safranini. Ukiweka jicho kwenye hadubini unaona seli za pinki na ndani yake punje nyeusi zimejipanga, kama papai lililopasuliwa na mbegu zake. Darasa lilinyamaza kabisa. Naomba mlikumbuke hilo papai, maana kila jibu hapo chini linarudi palepale: ile ni chakula, na kitu kilichotengenezwa kiwe chakula lazima kina wa kukila.

Hivyo vimeng'enya vinafanyaje kazi? Tuelezee kama unavyoelezea darasani.

Vimeng'enya (wengine mnasema enzaimu, ni kilekile) vinavyohusika kwenye PHB ni vitatu, na majina yake ni rahisi: PhaA, PhaB na PhaC.

Anza na sukari. Bakteria anaikatakata mpaka inabaki kipande kidogo cha kaboni 2 ambacho kimebebwa na mchukuzi anayeitwa koenzaimu A. PhaA anachukua vipande viwili vya namna hiyo anaviunga kuwa kimoja cha kaboni 4, mchukuzi mmoja anaachiwa aende zake. PhaB anakipokea kile kipande anakiongezea haidrojeni, na anakigeuza upande mmoja tu, maana molekuli hizi zina kulia na kushoto kama viatu, na PhaB anatoa viatu vya upande mmoja pekee. Hapo kipande kiko tayari. Sasa anaingia PhaC, fundi mwenyewe, kitaalamu anaitwa sinthesi ya PHA.

PhaC anafanya kazi wakiwa wawili wameshikana. Ndani yake kuna mahali pana asidi amino inayoitwa sisteini, ile yenye salfa (kwa PhaC wa Cupriavidus ni ya namba 319), na mnyororo unaokua unaning'inia kwenye hiyo salfa. Kinakuja kipande kipya na mchukuzi wake, PhaC anakiunga kwenye mnyororo, mchukuzi anatoka mikono mitupu, kinakuja kingine. Kama mtu anayetunga shanga na uzi hautoki mkononi. Anatunga maelfu na maelfu. Na kwa kuwa mnyororo hauelewani na maji unajikunja wenyewe unakuwa kidonge, PhaC wamekaa juu ya kidonge wanaendelea kutunga, na protini nyingine zinaitwa fasini zinakifunika kwa nje ili vidonge visigandane vikawa donge moja.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi seli inavyojua lini ianze. PhaA anazuiwa na wachukuzi watupu. Mambo yakiwa mazuri seli inakua, vile vipande vya kaboni 2 vinachomwa kwa ajili ya nishati, wachukuzi watupu wanakuwa wengi na PhaA anatulia. Nitrojeni ikikata uchomaji unapungua, wachukuzi wote wana mizigo, watupu wanaadimika, PhaA anafunguka na mzigo wote unakwenda ghalani. Hamna msimamizi wala kengele, ni hesabu ya wachukuzi tu.

Halafu akina PhaC wenyewe wako wa aina nne, nitaje wawili. Wa Cupriavidus anapenda vipande vifupi vya kaboni 3 mpaka 5, anatoa plastiki ngumu. Wa Pseudomonas anapenda vya 6 mpaka 14, anatoa kitu laini kinachovutika kama raba. Kwa hiyo ukichagua kimeng'enya umechagua plastiki, na ndo maana watu wa maabara wanahangaika kumbadilisha PhaC asidi amino mojamoja waone atakubali kuunga nini kingine.

Mbona mfuko wa rambo hauozi na huu unaoza, si vyote ni plastiki?

Tofauti iko kwenye kiungo. Rambo ni polithini, uti wa mgongo wake ni kaboni kwa kaboni mwanzo mwisho, kimeng'enya hakina pa kushika. PHB kila baada ya hatua fupi ina kiungo cha esta, kiungo kilekile kilichomo kwenye mafuta ya kula, na viumbe wanajua kukata esta tangu zamani. Wewe mwenyewe ukila samaki wa kukaanga wa Feri, tumboni mwako kuna kimeng'enya kinakata viungo hivyo. Na PhaC kwa umbo yuko ukoo mmoja na hivyo vikata mafuta! Fundi anayejenga na fundi anayebomoa ni ndugu.

Kwenye udongo kuna bakteria na fangasi wengi wanaotema vimeng'enya vya kubomoa PHB, vinaitwa depolimerasi. Vinaukata mnyororo kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka, mwenyewe anavinywa, mwisho inabaki kaboni dayoksaidi na maji, na pasipo hewa inatoka na methani. Mmoja wa hao walaji amepewa jina la yule Mfaransa, Paucimonas lemoignei.

Mwalimu, nilinunua mfuko umeandikwa kabisa "unaoza", nimeukuta vilevile. Nimetapeliwa?

Pole sana, na mimi yamenikuta. Kuna mfanyabiashara aliniuzia mifuko yenye jani la kijani na neno hilo, nikauzika mmoja nyuma ya nyumba karibu na mgomba, pembeni yake nikazika kipande cha gazeti, na kipande cha PHB kidogo kama stempu nilichopewa na mtu wa maabara. Masika yakapita. Nilipofukua gazeti sikuliona kabisa. PHB ilikuwa imetobokatoboka, kingo zimeliwa kama jani la mchicha lenye wadudu, nikiigusa inavunjika. Ule mfuko nikauosha kwa maji ya ndoo, jani la kijani linang'aa na maandishi yote yanasomeka. Baada ya miezi kumi na minne nikaufukua tena, umekakamaa kidogo lakini bado ni mfuko.

Mara nyingi kinachouzwa hivyo ni plastiki ya kawaida iliyochanganywa na chumvi za metali ili jua na joto viikatekate. Inakatika kweli, inakuwa vipande, vipande vinakuwa chenga, chenga zinaingia kwenye udongo na kwenye maji, na polithini bado ni polithini hata ikiwa chenga. Umoja wa Ulaya uliandika sheria mwaka 2019 ya kuzuia bidhaa za namna hiyo na ikaanza kufanya kazi Julai 2021. Kwa hiyo mtu akikuambia inaoza muulize: imetengenezwa na nini, na nani anaila? Akisema tu "inapotea yenyewe baada ya muda", hujajibiwa.

Wale bakteria wa Japani wanaokula chupa za maji ndo hawahawa?

Hapana, hao ni wengine. Yule ni Ideonella sakaiensis, aliripotiwa mwaka 2016, alipatikana kwenye mji wa Sakai, na anakata plastiki ya PET. Wa kwetu hapa wanatengeneza PHB. Watu wanawachanganya kwa sababu habari zote mbili zina maneno bakteria na plastiki.

Na PLA? Naona vikombe vya migahawani vimeandikwa hivyo.

PLA, plastiki inayojengwa kwa asidi ya laktiki, ni nusu kwa nusu. Asidi ya laktiki inatengenezwa na bakteria, sawa, lakini kuiunga kuwa mnyororo inafanyika kiwandani kwa kemikali. Ili ioze vizuri inataka rundo la mboji lenye joto la nyuzi 58 au 60 hivi. Dar tunalalamika joto lakini nyuzi 32 za Januari hazitoshi, kikombe cha PLA ukikitupa kwenye mtaro wa Sinza kitakaa sana. Sisemi ni kitu kibaya, nasema kinahitaji mahali pake pa kuozea.

Kitu cha bakteria halafu nifungie chakula cha mwanangu, si kitaleta magonjwa?

Mama aliyeniuliza hili alikuwa na haki ya kuuliza. Bakteria wanauawa, seli zinapasuliwa, PHB inasafishwa, halafu inayeyushwa kwenye joto la nyuzi 175 na zaidi ili itengenezwe bidhaa. Hamna kinachobaki hai hapo.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Kile kipande kinachojenga PHB, haidroksibutireti, unacho kwenye damu yako. Ukifunga Ramadhani, au ukikaa muda mrefu bila kula, ini linavunja mafuta na kutoa hichohicho, kikiwa cha upande uleule wa kulia na kushoto niliousema, na ubongo unakitumia kama chakula. Hospitalini napo ukoo huu umeshaingia: mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu uzi wa kushonea majeraha uliotengenezwa kwa ndugu wa PHB anayeitwa P4HB. Unashonwa ndani ya mwili, unashika mpaka kidonda kinapona, mwili unaumaliza wenyewe.

PHB ikitumbukia baharini inakuwaje?

Inazama, maana ni nzito kuliko maji ya chumvi, tofauti na rambo linaloelea. Huko chini nako wapo bakteria wa kuila, na maji yetu ya joto yanasaidia. Kipande chembamba ni miezi, kitu kinene kama chupa ni miaka. Lakini nisikudanganye: kabla haijaliwa, kasa anaweza kuimeza na mkia wa samaki unaweza kunasa. Hii siyo ruhusa ya kutupa. Mvua zikinyesha nenda kasimame pale Jangwani uangalie Mto Msimbazi, umetoka Pugu huko juu umepita mitaani umebeba kila tulichotupa, kandambili, chupa, vifungashio, vyote vinashuka kuelekea Daraja la Salander. Mto ule hautasafishwa na kimeng'enya.

Si mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku? Ya nini tena haya?

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na nilifurahi, mtaani kwetu mitaro ilipumua. Ila vifungashio vya vyakula vinavyotoka viwandani, vya dawa, vya ujenzi na vya kilimo viliachwa nje ya katazo, na kwa sababu ya maana. Dawa lazima ifungwe. Miche ya kahawa na mikorosho inaoteshwa kwenye viriba, na hapo mimi ndo naona PHA ina kazi yake kabisa, maana kiriba kinaingia shambani, na kingekuwa cha PHA mkulima angekizika na mche wake, asingehitaji kukichana na kukiacha kimetapakaa. Ile mifuko mbadala ya kama kitambaa tunayobebea sokoni nayo ujue ni polipropilini, plastiki pia, inadumu tu zaidi.

Kama ni nzuri hivyo mbona haipo Kariakoo?

Bei. PHA imekuwa ikiuzwa mara mbili, mara tatu na zaidi ya plastiki ya mafuta ya petroli. Kupata kilo 1 ya PHB unahitaji kama kilo 3 za sukari, kwa hiyo mfuko mzima wa sukari wa kilo 50 unakupa kilo 16 au 17. Ongeza umeme wa kupuliza hewa kwenye matangi ya kukuzia bakteria usiku na mchana, kuua vijidudu vingine wasivamie, kupasua seli na kuitoa plastiki humo ndani ambako ndo kazi nzito.

Halafu PHB tupu ni kavu, inavunjika kama biskuti, na joto la kuiyeyusha liko karibu sana na joto la kuiharibu, mwenye mashine akizubaa kidogo imeungua. Dawa yake ilipatikana kwa kuwalisha bakteria propioneti (chumvi ya asidi fupi) pamoja na sukari, PhaC akaunga vipande vya aina mbili kwenye mnyororo mmoja, ikatoka PHBV iliyo laini zaidi. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliiita Biopol, na mwaka 1990 Ujerumani zikaonekana chupa za shampuu za Wella za plastiki hiyo. Mradi ukahamia kampuni ya Zeneca, mwaka 1996 ukachukuliwa na Monsanto, na baada ya miaka michache nao wakaacha, haukulipa. Teknolojia haikufa, Kaneka ya Japani leo inatengeneza ndugu yake kutoka mafuta ya mimea.

Lazima iwe GMO, yaani viumbe waliobadilishwa jeni?

Siyo lazima. Cupriavidus anafanya bila kuguswa. Ila jeni zake tatu zilishahamishiwa kwa bakteria E. koli miaka ya mwisho ya 1980, naye akaanza kutengeneza. Mwaka 1992 wakajaribu kwenye mmea, ukatoa PHB lakini ukadumaa, kwa sababu vile vipande vya kaboni 2 mmea nao ulikuwa unavihitaji. Walipoihamishia kazi ile kwenye kloroplasti, vile vyumba vya kijani ndani ya seli ambamo mmea unatengeneza chakula, mambo yakawa nafuu.

Tanzania tunaweza kutengeneza sisi wenyewe?

Naamini tunaweza, na sitaki tuanze na sukari ya mezani, hiyo watu wanywee chai. Tuna molasi kutoka viwanda vya miwa, Kilombero, Mtibwa, TPC kule Moshi. Molasi ina wateja wake tayari, wa pombe na wa chakula cha mifugo, kwa hiyo haitakuwa ya bure. Ninayoiwaza sana ni mkonge. Jani la mkonge nyuzi yake ni kama asilimia 4 tu ya uzito, lililobaki lote ni maji na makapi yanayorundikwa nje ya korona (mashine ya kutoa nyuzi), yananuka. Makapi ukiyachachusha bila hewa kabla hayajafika hatua ya biogesi yanatoa asidi fupifupi kama ya siki, na hizo ndo bakteria wa PHA wanazipenda. Hata matope ya majitaka yana bakteria hawa, ukiwalisha kwa zamu, leo shibe kesho njaa, wanaobaki ni wale wenye tabia ya kuweka akiba, bila kuua vijidudu kwenye tangi wala kununua mbegu ya bakteria. Vijana wangu wa siksi wanaokwenda vyuo vikuu vya Mlimani na SUA nawaambia hili ndo la kulishika.

Nataka kujaribu nyumbani na watoto, nianzie wapi?

Chukua karatasi, ganda la ndizi, kipande cha rambo la zamani, na kila mfuko unaodai kuoza. Kata vipande sawa vya ukubwa wa kiganja, vitie kila kimoja kwenye wavu wa vitunguu ili usivipoteze, vizike kina cha shubiri moja mahali penye unyevu, kivulini, na uchomeke kijiti chenye tarehe. Usizike kwenye mchanga mtupu wa pwani, tumia udongo wenye mboji au wa karibu na mgomba. Fukua kila baada ya miezi miwili, piga picha, rudisha. Watoto waache washike kwa mikono yao, waandike wanachokiona, kilichotoboka, kilichobadilika rangi, na kile ambacho bado unaweza kukisoma jina.